Bata Anapotaga Yai Lenye Ganda Laini: Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Uani, Tanga

Ukifungua banda asubuhi ukakuta juu ya maranda kitu cheupe kinachobonyea kama puto lililotiwa maji, hilo ni yai. Kiini kimo, ute umo, utando umelifunga pande zote, ila ganda halikuwekwa. Mara nyingine ganda lipo lakini ni jembamba kama karatasi, ukilishika linabonyea au kupasuka mkononi. Yai la namna hii mara nyingi linasema moja kati ya mambo mawili: ama bata aliingia usiku bila kalsiamu ya kutosha tumboni, ama kalsiamu ilikuwepo lakini kitu fulani kikauzuia mwili wake usiitumie.

Kwa bata wanaofugwa uani hapa Tanga, kuanzia Sahare na Mwambani hadi Pongwe, cha kwanza kuangalia ni chombo cha chakula. Bata wengi hulishwa pumba za mahindi, machicha ya nazi, na makombo ya ugali na wali. Vinashibisha, lakini kalsiamu ndani yake ni kama haipo. Na kile kinachokosekana kimelala ufukweni bure, kimerundikana nyuma ya nyumba za wanaouza chaza: makombe, yaani maganda matupu ya chaza, kome na konokono wa baharini. Kazi ni kujua namna ya kukitayarisha, na saa ya kumpa bata.

Ganda hujengwa usiku

Tangu kiini kinapoachiwa hadi yai kutoka hupita takriban siku moja. Ute na utando huchukua saa chache tu. Muda uliobaki, saa 18 hadi 20, yai hukaa sehemu ya chini ya mrija wa mayai likipakwa ganda. Bata wengi hutaga alfajiri au asubuhi mapema, kwa hiyo kazi kubwa ya ganda hufanyika kati ya Magharibi na alfajiri, wakati bata amefungiwa na hali chochote.

Yai la bata la gramu 70 lina ganda la karibu gramu 7, nalo karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Kalsiamu yenyewe ndani yake ni gramu 2.5 hadi 3. Damu ya bata haina akiba kama hiyo. Inabidi itoke kwenye chakula kilichobaki firigisini, na pale kisipotosha, itoke mifupani. Bata jike anapokaribia kutaga hujijengea mfupa wa akiba ndani ya mifupa yake yenye uwazi, hasa ya miguu. Usiku huukopa, mchana huulipa. Asipopata cha kulipia, akiba huisha, kisha mwili huanza kumega mifupa inayomsimamisha. Ndiyo maana yai laini la leo lisidharauliwe: bata huyohuyo anaweza kuanza kuchechemea wiki chache zijazo, halafu akashindwa kusimama.

Sasa piga hesabu. Bata anayetaga hula gramu 150 hadi 200 za chakula kwa siku, na kati ya kalsiamu anayoila, karibu nusu ndiyo inayofika kwenye ganda. Kupata gramu 3 za kalsiamu ya ganda anahitaji kula gramu 5 au 6 za kalsiamu. Pumba za mahindi gramu 180 hazimpi hata gramu 0.2. Chakula cha dukani cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, kwa hiyo gramu 160 zake zinatosha bila kuongeza kitu. Ukimlisha bata chakula cha kuku wa nyama au cha kukuzia, hicho kina karibu asilimia 1 tu. Bata atanenepa, na mayai yatabaki laini.

Kwanza jua ni bata mmoja au ni wengi

Swali hili huokoa fedha nyingi, kwa sababu linatenganisha tatizo la chakula na tatizo la mwili. Bata wengi wakitaga mayai laini ndani ya wiki moja, kosa liko kwenye chakula, maji, joto, hofu au ugonjwa unaoenea. Akiwa mmoja tu kati ya wanane, na wote wanakula pamoja, huyo ana lake.

Kumtambua, washike majike jioni mmoja mmoja na upapase vifupa viwili vyembamba vilivyo chini ya mkia, pande mbili za tundu la kutagia. Kwa bata anayetaga, vidole viwili au vitatu hupita katikati, na tundu huwa limelegea na lina unyevu. Kwa asiyetaga, hupita kidole kimoja tu. Wale wanaotaga uwalaze kila mmoja peke yake kwa usiku mbili au tatu, kwenye tenga kubwa au kona iliyozibwa kwa wavu, wote wakisikiana sauti ili wasipate hofu. Asubuhi utaona yai la kila mmoja. Andika kwenye daftari: tarehe, bata, hali ya ganda. Usitegemee kumbukumbu, maana kwa siku kumi za kufuatilia bata sita utachanganya tu.

Kuna wakati yai laini si tatizo. Bata anayeanza kutaga, kwa umri wa miezi mitano hadi saba kulingana na aina, anaweza kutoa mayai mawili matatu ya ajabu kabla mwili haujazoea: dogo mno, lenye viini viwili, au lisilo na ganda. Vilevile yai moja laini baada ya usiku wa radi kali au siku ya kuhamishwa banda. Lisiporudi, endelea na shughuli zako.

La kufanya jioni hiyohiyo

Usingoje kujua chanzo ndipo uanze. Makombe yaliyopondwa hayamdhuru bata anayetaga, na yakiwa ndiyo yaliyokosekana utaona tofauti ndani ya siku tatu au nne. Saa 11 jioni, kabla ya kuwafungia, weka makombe kwenye kifuu au sahani pembeni ya chakula. Mchana yaache hapohapo wajidonolee wanavyotaka. Bata jike mwenye upungufu huyafuata mwenyewe.

Kama bata anaonekana mnyonge, anatembea kwa shida au ametaga mayai laini mfululizo, mpe kidonge cha kalsiamu cha binadamu chenye miligramu 500 hadi 600, kimoja kwa siku, siku tatu hadi tano. Kivunje vipande viwili au vitatu, upake mafuta ya nazi, umwekee nyuma ya ulimi na umwachie ameze mwenyewe. Usimiminie maji mdomoni, yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Maduka ya dawa za mifugo huuza pia kalsiamu ya maji yenye vitamini D3, ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa. Fuata kipimo cha chupa, na usizidishe siku zilizoandikwa. Vitamini D ikizidi kwa muda mrefu huharibu figo.

Kutayarisha makombe

Yanayofaa ni maganda ya chaza, kome, kombe na konokono wa baharini. Chukua matupu, yaliyokwisha kutolewa nyama. Usiokote ndani ya hifadhi ya bahari, na usivunje yaliyoshikilia mwamba yakiwa hai. Wapishi na wauza chaza wana marundo ya kutupa.

Loweka makombe kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi usiku mzima, na ubadilishe maji angalau mara mbili. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoharibu kazi: makombe yasiyooshwa hubeba chumvi na mchanga, na chumvi huharibu ganda la yai, jambo tutakalolirudia. Baada ya hapo chemsha kwa dakika 20 kuua vimelea na kulegeza mabaki ya nyama, kisha sugua na uanike juani siku mbili au tatu hadi yasitoe harufu.

Yaponde kwenye kinu cha zamani kisichotumika kwa chakula cha watu, au uyatie ndani ya gunia la katani na kuyagonga kwa nyundo juu ya jiwe. Kinga macho, vipande huruka. Kisha chekecha. Unachotaka ni vipande vya ukubwa wa chenga za mchele hadi punje ya mchele, yaani milimita 2 hadi 4, visivyo na ncha kali kama sindano. Vikubwa virudishe kinuni. Unga uliopita chini ya chekeche usiutupe, utauchanganya kwenye chakula.

Ukubwa huu una sababu yake. Unga laini hupita tumboni haraka, na kufikia usiku wa manane umekwisha. Vipande vikubwa hubaki kwenye firigisi vikiyeyuka kidogo kidogo, na hivyo bata anakuwa na kalsiamu inayoingia damuni saa ileile ganda linapojengwa. Ndiyo maana mtu anaweza kumpa bata chokaa ya mifugo (jiwe la chokaa lililosagwa) ya kutosha kila asubuhi, ikiwa unga mtupu, na bado akapata ganda jembamba. Kiasi hakina kosa, kosa ni saa na umbo. Lenga sehemu mbili za vipande kwa sehemu moja ya unga, na kipimo kikubwa kiwe cha jioni.

Kwa bata anayekula pumba na makombo tu, hesabu gramu 15 kwa siku, ambayo ni karibu kijiko cha chakula kilichosawazishwa. Makombe yana kalsiamu karibu asilimia 38, kwa hiyo gramu 15 zinampa gramu 5.7. Bata kumi, gramu 150 kwa siku, au kilo 4 na nusu kwa mwezi. Kwa anayekula chakula cha kuku wa mayai, acha kifuu cha makombe pembeni na umwachie achague.

Makaka ya mayai nayo yanafaa. Yaoshe, yakaushe kwenye moto mdogo au jua kali, uyaponde hadi yasifanane tena na yai. Ukiyatupa yakiwa nusu nzima utawafundisha bata kula mayai yao, na tabia hiyo haiondoki kirahisi.

Makombe yawekwe chombo cha peke yake kama bandani mna madume na vifaranga. Kalsiamu ya kiwango cha mtagaji huchosha figo za vifaranga na haimsaidii dume. Jike atakula, wengine wataonja na kuacha.

Chokaa ambayo si ya kulisha

Tanga ni nchi ya mawe ya chokaa: mapango ya Amboni yamechongeka ndani ya mawe hayo, na saruji hutengenezwa nayo. Pwani yote pia inajua tanuri la kuchoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea. Kutokana na mazoea hayo, mtu huona chokaa ni chokaa. Sivyo. Chokaa iliyochomwa, ya kupaka ukuta, ya kujengea au ya kumwaga chooni, huunguza mdomo, koo na utumbo wa ndege. Inayolishwa ni chokaa ya mifugo, yaani jiwe lililosagwa bila kuchomwa, linalouzwa kwa jina hilo kwenye maduka ya chakula cha mifugo. Namna ya kutofautisha: ukiweka kijiko cha chokaa kwenye maji kidogo yakapata joto au yakawa yanateleza kama sabuni, hiyo imechomwa, iondoe. Chaki za darasani nazo ziache.

Changarawe ndogo za mtoni ni kitu kingine. Husaidia firigisi kusaga, hazileti kalsiamu. Bata anayefungiwa anazihitaji pamoja na makombe, moja haichukui nafasi ya nyingine.

Chakula cha kilo 10 cha bata wanaotaga

Mwenye uwezo wa kununua chakula cha kuku wa mayai anunue hicho na amalize. Anayetaka kuchanganya mwenyewe anaweza kutumia vipimo hivi:

Pumba za mahindi kilo 4.2
Mahindi yaliyoparazwa kilo 2
Mashudu ya alizeti kilo 2
Dagaa waliosagwa gramu 900
Makombe, vipande na unga, gramu 700
Unga wa mifupa gramu 150
Vitamini za kuchanganya kwenye chakula cha kuku wa mayai gramu 25, au kama pakiti inavyoelekeza
Chumvi gramu 25

Mchanganyiko huu unakupa protini karibu asilimia 16 na kalsiamu asilimia 3.4 hivi. Vitu vidogo, yaani vitamini, chumvi na unga wa mifupa, vichanganye kwanza na kilo moja ya pumba hadi vienee, ndipo umimine kwenye rundo kubwa. Ukivitupa moja kwa moja, bata mmoja atapata chumvi ya wiki nzima na mwingine hatapata kitu.

Dagaa wakiwa wa chumvi, chumvi ya kuongeza isiwepo kabisa. Unga wa mifupa usizidishe ukidhani ndiyo kalsiamu zaidi: una fosforasi nyingi, na fosforasi ikizidi hudhoofisha ganda badala ya kulikaza.

Loanisha chakula kidogo tu, kishikamane bila kuchuruzika, na upe kiasi kitakachomalizwa ndani ya nusu saa. Kwa joto letu, chakula chenye maji kilichokaa tangu asubuhi hadi mchana kimeshaanza kuchacha. Chombo cha maji kiwe karibu na chakula, kirefu cha kutosha bata kuzamisha mdomo wote na kusafisha matundu ya pua.

Mboga ni nzuri. Majani ya mlonge yana kalsiamu nyingi kuliko mboga nyingi za uani, mpe mabichi au makavu yaliyopondwa. Mchicha usiwe mlo wa kila siku, una asidi inayoifunga kalsiamu isifyonzwe. Majani ya muhogo mabichi usiwape kabisa, yana sumu ambayo huondoka kwa kutwangwa na kupikwa.

Makombe yapo, mayai bado laini

Subiri siku 10 hadi 14. Kama hali haijabadilika, kalsiamu inaingia lakini kuna kinachoizuia. Kwa mazingira ya pwani, anza na maji.

Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi, hasa kiangazi maji yanaposhuka. Kwa kuku wanaotaga imethibitika kwamba chumvi kwenye maji ya kunywa, hata ile ambayo kuku mwenyewe haimsumbui, hupunguza uwezo wa mwili kujenga ganda. Kwa bata chukua tahadhari ileile. Tena kuku aliyeharibika kwa chumvi anaweza kuendelea kutaga maganda mabovu hata baada ya maji kubadilishwa, kwa hiyo usichelewe. Ukionja maji ya kisima na kuyahisi chumvi ulimini, hayo yaache kwa kuogea tu. Ya kunywa yawe ya bomba au ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa. Na bata hawezi kutenganisha: ukiweka beseni la kuogea lenye maji ya chumvi mchana kutwa, atayanywa. Basi la kuogea liondoe baada ya saa moja.

Joto linafuata. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma na unyevu ukiwa juu, bata huhema mdomo wazi mchana mzima. Akihema hivyo hupoteza hewa ya kaboni kutoka damuni, na hiyo ndiyo nusu ya pili ya malighafi ya ganda. Juu ya hilo hula kidogo. Bata hahitaji bwawa. Anahitaji kivuli kizito, mwembe au paa la makuti badala ya bati tupu, na maji baridi yanayobadilishwa saa 4, saa 7 na saa 10. Chakula kikuu kipelekwe alfajiri na jioni. Bandani usiku hewa ipite. Ukuta wa nusu wenye wavu juu ni bora kuliko chumba cha bati kilichozibwa kwa kuogopa wezi.

Jua nalo lina kazi yake. Bila vitamini D mwili haufyonzi kalsiamu, na bata huitengeneza kwa jua la ngozini, miguuni na mdomoni. Bata anayefungiwa ndani mwezi mzima na kulishwa pumba amekosa vyote viwili. Saa moja au mbili za jua la asubuhi kila siku zinatosha.

Halafu kuna sumukuvu. Bata ni miongoni mwa ndege wanaodhurika haraka zaidi na sumu ya ukungu, kuliko kuku kwa mbali. Sumu hiyo huharibu ini, na ini ndilo linaloitayarisha vitamini D ifanye kazi. Pumba zilizonunuliwa wakati wa masika na kuwekwa sakafuni, mashudu ya karanga, machicha ya nazi yaliyolala: hivi ndivyo vya kuogopa. Magunia yakae juu ya vibao, mbali na ukuta, na usinunue zaidi ya matumizi ya wiki mbili au tatu. Chakula chenye harufu ya uvundo, mabonge au rangi ya kijani usikianike ukakitumia tena. Jua hukausha ukungu, sumu inabaki.

Dawa za salfa, zinazotumika sana kwa kuhara damu, hulegeza ganda la yai moja kwa moja. Kama bata walipewa siku chache kabla ya tatizo kuanza, jibu umelipata. Maliza kipimo kama ulivyoelekezwa, mayai usile wala usiuze hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite, na ganda litarudi.

La mwisho katika kundi hili ni hofu. Bata akishtuka usiku hulisukuma yai nje kabla ya wakati. Chunguza kama kuna nyayo au shimo: kicheche, fungo, kenge na mbwa wa jirani ndio wageni wa kawaida. Wavu wenye matundu ya sentimita 1 hadi 2 kwa nusu mita ya chini huwazuia wengi. Angalia pia madume. Dume moja kwa majike wanne au watano linatosha. Mawili kwa majike watatu ni mateso, hasa kwa bata wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni, ambao dume lake hufikia mara mbili ya uzito wa jike. Jike mwenye kisogo kilichonyonyoka manyoya anakuonyesha tatizo hilo.

Yai laini likikwama

Hii ni dharura. Misuli ya mrija hulisukuma yai gumu kwa kulikamata, na yai laini halikamatiki. Pia misuli yenyewe inahitaji kalsiamu kujikaza, kwa hiyo bata mwenye upungufu ana hatari mara mbili. Utamwona akijitenga, mkia ukipanda na kushuka, akikaa na kusimama, akijikamua bila kitu kutoka, au akisimama wima kama anayebeba mzigo nyuma.

1. Mpe kidonge cha kalsiamu mara moja.
2. Mweke kwenye beseni la maji vuguvugu, yanayofika tumboni na ambayo kiwiko chako kinayavumilia bila kuungua, kwa dakika 20 hadi 30. Ongeza ya moto kidogo kidogo yanapopoa.
3. Mfute, paka mafuta ya nazi au mafuta mazito yasiyo na manukato kuzunguka tundu la kutagia na ndani kidogo kwa kidole safi.
4. Mweke kwenye boksi lenye nguo kavu, mahali pa giza na kimya, saa moja hadi mbili. Rudia maji mara mbili tatu kwa siku.

Usimkamue tumbo na usilitoboe yai likiwa ndani. Utando uliopasuka ukibaki huoza. Yai likitoka bila utando wote, au bata asipolitoa ndani ya saa 24, au nyama nyekundu ikichomoza nje, mwite daktari wa mifugo. Ana sindano ya kalsiamu na namna salama ya kulitoa.

Dalili za kumwita mtaalamu hata bila yai kukwama

Tumbo lililojaa na kuning'inia kama mfuko wa maji ni ishara kwamba viini vinadondokea tumboni badala ya kuingia kwenye mrija. Ute wenye harufu au usaha kwenye tundu ni maambukizi ya mrija. Katika hali hizi makombe hayatatibu, na dawa za kuua bakteria za kubahatisha huficha tatizo tu. Zungumza na afisa mifugo wa kata. Mwite siku hiyohiyo kama bata au kuku kadhaa wanakufa ghafla.

Wanaofuga bata pamoja na kuku wa mayai wajue jambo moja zaidi. Kuna kirusi cha kushusha utagaji, kilichotambuliwa mwaka 1976, ambacho makazi yake ya asili ni bata na mabata bukini. Bata hukibeba akiwa mzima kabisa. Kikivuka kwa kuku kupitia kinyesi na maji, kuku wazima, wanaokula vizuri, huanza kutaga mayai yasiyo na ganda na utagaji kuporomoka. Kwa hiyo kuku wakianza kutaga mayai laini wiki chache baada ya bata wapya kuletwa, usihangaike na chokaa peke yake. Tenga mabanda, vyombo vya maji na hata viatu, na usiache maji ya bata yatiririkie upande wa kuku. Chanjo ya kuku ipo; muulize daktari.

Bata anayehitaji kupumzika

Yule mmoja aliyebaki na mayai laini baada ya wiki mbili za makombe, maji safi na utulivu, mara nyingi amechoka. Hutokea sana kwa bata wanaonyang'anywa mayai kila siku wasipate kulalia. Mwachie mayai mazuri ya wenzake alalie: bata wa kienyeji hukaa siku 35, bata weupe wa Pekin siku 28, na muda wote huo hatagi. Asiyetaka kulalia mwingize bandani mapema na umtoe kumekucha sana, apate mwanga wa saa 8 au 9 tu, kwa wiki mbili au tatu, huku ukimpunguzia dagaa na mashudu. Makombe usimwondolee, wakati huu ndipo anapojaza mifupa. Akirudi kutaga na maganda bado ni mabovu, mrija wake umeharibika. Mfuge bila kutegemea mayai yake, au mtoe kwenye kundi la uzazi.

Mayai yenyewe

Yai lisilo na ganda lisiliwe. Ganda ndilo linalozuia uchafu wa banda, na utando peke yake hauwezi. Lizike au lichome asubuhi hiyohiyo, kabla bata au kunguru hawajalionja, na utoe maranda yaliyoloa. Lenye ganda jembamba lisilopasuka laweza kuliwa likichemshwa hadi kiini kigande, dakika 12 hadi 15. Kwa kuatamisha usilitumie hata likionekana zima: hupoteza maji mengi, na likipasuka chini ya mama siku ya ishirini litachafua mayai yote yaliyo kiotani.